Programu Isiyojua Rangi Nyekundu

Iko nchi moja, si hii yetu, Mungu apishe mbali, ambayo jina lake likitajwa lazima watu wote wasimame na kupiga makofi mara tatu. Kwa kuwa najua msomaji wangu umeshakaa vizuri, na pengine una kikombe cha chai mkononi, sitalitaja. Tosheka kujua kwamba ni nchi ya mito mingi na wakubwa wengi, na kwamba wakubwa wale walimshinda kila mtu isipokuwa mito.

Nchi hiyo ilikuwa na mila moja nzuri, iliyoachwa na wajenzi wa kwanza. Iliitwa Kusimama Chini. Mhandisi aliyetia saini michoro ya daraja alisimama chini yake siku ya kufunguliwa, yeye na ndugu yake mmoja wa damu, huku malori kumi ya mchanga yakipita juu. Daraja likishika, alitoka na vumbi kichwani akapewa soda. Lisiposhika, majeneza yalitolewa na serikali. Kwa miaka mingi madaraja ya nchi ile yalikuwa mapana na mazito, na hakuna lililoanguka.

Kisha wakubwa wakaanza kuwasaidia wahandisi kuhesabu. Huyu akapunguza nondo, yule akapunguza saruji, na Daraja la Ruhanga likaanguka mchana kweupe siku ya gulio, likaua watu arobaini na watatu. Tangu hapo ilipita miaka minane bila mhandisi kukubali kusaini hata kalvati. Wizara iliwachapa bakora hadharani, lakini walilala kifudifudi kwa zamu, wakachapwa, wakaamka, wakakataa tena.

Ndipo serikali ikapata akili mpya. Ilisikia kwamba huko kwa wenzetu kuna programu za kompyuta ambazo mtu huchora daraja ndani yake, akalipakia malori, akaliletea upepo na mafuriko, na kompyuta ikamwonyesha litakapovunjika. Linavunjika kwenye kioo ili lisivunjike mtoni.

"Safi kabisa," akasema Waziri wa Madaraja na Ushindi, Mheshimiwa Brigedia Makwinya. "Programu haina ndugu wa damu. Itahesabu bila kuogopa."

Ila sheria ni sheria. Mwanasheria mmoja alikumbusha kwamba hata programu lazima ichaguliwe na mtu, na mtu huyo lazima atie saini, na mwenye saini lazima asimame chini. Walimpiga ngumi za mbavu kwa kukumbusha, lakini alikuwa ameshasema.

Basi ikaundwa Kamati ya Kulinganisha Programu, na katibu wake, ambaye ndiye wa kusaini, akateuliwa Mhandisi Namkunda Mshana. Sifa yake kubwa ilikuwa kwamba siku ya uteuzi hakuwepo, alikuwa amekwenda kung'oa jino. Aliporudi na shavu lililovimba akaikuta barua mezani. Aliisoma mara mbili, akaenda moja kwa moja kwa dada yake.

Dada yake, Nairuko, alikuwa fundi cherehani mwenye mdomo mkali kuliko mkasi wake. Baba yao alishakufa, mama pia, na ndugu wa damu walikuwa wao wawili tu duniani.

"Yaani wewe ukichagua vibaya," alisema Nairuko bila kuacha kushona, "mimi ndiye ninayeangukiwa na daraja?"

"Tutakuwa wote, dada."

"Haya, nimefarijika." Alikata uzi kwa meno. "Chagua vizuri, mdogo wangu. Nina nguo za watu hapa za sikukuu."

Namkunda alijaribu kucheka, shavu likamuuma. Alikuwa anaogopa, tena sana.

* * *

Programu zilikuwa mbili.

Ya kwanza iliitwa Mizani. Ililetwa na Dakta Kihongole, mzee wa chuo kikuu aliyekuwa amefundisha nusu ya wahandisi wa nchi. Mizani ilikuwa ya polepole na yenye kisirani. Ukiipa daraja hukaa siku mbili inafikiri, kisha inalipaka rangi: buluu palipotulia, njano palipochoka, nyekundu patakapovunjika.

Ya pili iliitwa Neema. Ililetwa na wakala mmoja mnene, Bwana Fikirini, mwenye tabasamu la kudumu. Neema ilijibu kabla hujamaliza kuchora, na ilijua rangi moja tu, kijani. Palipo imara palikuwa kijani, na patakapovunjika palikuwa kijani kilichokolea zaidi.

Hapa yafaa nieleze kwamba Mkuu wa nchi ile aliichukia rangi nyekundu, kwa sababu wapinzani wake waliwahi kuivaa. Aliyeonekana na kitambaa chekundu alichapwa mpaka avue. Nyanya ziliuzwa zikiwa zimefunikwa. Hata damu, ambayo ilimwagika kila siku kwa wingi, ilitajwa kwenye nyaraka za serikali kwa jina la "unyevu". Kwa hiyo Neema ilikuwa na tabia njema tangu kuzaliwa.

Kikao cha kwanza kilikwenda kwa utaratibu. Dakta Kihongole alieleza, Bwana Fikirini akaeleza, na wajumbe wakagawanyika watano kwa watano. Hapo Kapteni Singu, ofisa wa usalama wa Wizara, alisimama na kusoma Kanuni ya Kumi na Nne: "Hoja zikilingana uzito, wajumbe watalinganisha nguvu." Alifunga mlango kwa ufunguo, akapuliza filimbi.

Namkunda, kwa kuwa ni katibu, aliruhusiwa kukaa chini ya meza akiandika muhtasari. Nimebahatika kuuona. Unasema hivi: "Mjumbe wa tatu alitoa hoja kwa kiti. Mjumbe wa saba alijibu kwa miguu mitatu ya darubini ya kupimia ardhi. Dakta Kihongole aliomba kufafanua, akafafanuliwa kwa teke la tumbo. Mjumbe wa tisa alimng'ata mjumbe wa nne sikio na hakulirudisha. Sakafu ilikuwa na unyevu." Baada ya saa moja Kapteni alipuliza filimbi tena, akahesabu meno upande huu na upande ule, akatangaza sare.

Dakta Kihongole alibebwa kwa mlango uliong'olewa. Alipopita karibu na meza alimshika Namkunda kidole. "Mwanangu," alisema kwa mdomo uliobaki, "zipe daraja ambalo jibu lake tunalijua." Alifariki kabla hajafika kwenye ngazi, na muhtasari ukaandika kwamba ametoa udhuru.

* * *

Namkunda alilia siku nzima, kisha akafanya alivyoagizwa. Aliandika pendekezo: programu zote mbili zipewe michoro ya Daraja la Ruhanga, lile lililoanguka. Itakayosema limeanguka ndiyo ya kweli. Wakubwa walikubali mara moja, kwani hakuna aliyefikiri mpaka mwisho.

Mizani ilikaa siku zake mbili. Siku ya tatu ikaonyesha nguzo ya pili ikiwa nyekundu kama moto, kisha ikaonyesha daraja likikatika pale pale lilipokatikia, upande ule ule, kwa mzigo ule ule wa siku ya gulio. Namkunda alishika mdomo. Neema kwa upande wake ilisema kwamba Daraja la Ruhanga ni zima, la kijani, na litasimama miaka tisini.

"Mheshimiwa," Namkunda alimwambia Waziri, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi alikuwa anatabasamu, "jibu tumelipata."

"Tumelipata," akasema Brigedia Makwinya. Alisimama, akavuta koti lake la medali, akawageukia waandishi wa habari. "Ndugu wananchi! Kwa miaka minane tumedanganywa. Tumeambiwa daraja letu limeanguka. Leo sayansi imesema limesimama! Sasa nauliza, na Mkuu wa nchi anauliza kupitia koo langu hili: ni nani aliyeeneza uvumi kwamba daraja limeanguka? Na wale watu arobaini na watatu wako wapi, kama siyo watoro?"

Makofi yalipigwa.

Siku hiyo hiyo kompyuta yenye Mizani ilikamatwa kwa kumwaga rangi nyekundu. Ilihojiwa na askari wanne wenye virungu. Iliulizwa nani kaituma, ikakaa kimya, ikapigwa. Iliulizwa tena, ikatoa cheche, hilo likahesabiwa kuwa matusi, ikapigwa zaidi. Kioo kilipozima kabisa, hati ya mahojiano ikaandikwa kwamba mtuhumiwa ameshindwa kukanusha. Ilipigwa risasi uwanjani, na fundi umeme aliyejaribu kueleza kwamba ile ni mashine tu akapigwa risasi pembeni yake, ili isiwe peke yake.

Baada ya hapo wakafuatwa wafiwa. Wajane walikusanywa wakaamriwa waache ujane. Mmoja wao, mama muuza vitumbua, alisema, "Kama mume wangu hakufa, basi mleteni. Ana miaka minane hajala kwangu." Alichapwa bakora arobaini na tatu, moja kwa kila mtoro. Makaburi yalifukuliwa, mifupa ikasomewa mashtaka ya kutofika kazini.

Mwisho wa yote Waziri akaamuru platuni ya askari thelathini ivuke Daraja la Ruhanga mbele ya wananchi, ili kufunga mjadala. Daraja lenyewe lilikuwa vipande viwili vilivyobaki kingoni, na katikati pengo la hatua arobaini, na chini mawe. Bendi ilipiga. "Mbele, tembea!" Mstari wa kwanza ukatembea ukaisha, wa pili nao, wa tatu nao, miguu ikipiga saruji kwa pamoja mpaka saruji ikakosekana. Mstari wa nne ulisita, ukapigwa risasi kwa woga. Namkunda alisimama kwenye jukwaa akisikia jinsi watu wanavyogonga mawe, sauti ambayo hakuisahau tena. Taarifa rasmi ilikuwa fupi: "Daraja ni imara. Kasoro ilikuwa kwa askari."

* * *

Sasa kilichobaki ni saini. Hapo ndipo mambo yalipokuwa mazito kwa Namkunda, maana daraja jipya ambalo programu ilitakiwa kulihesabu, Daraja la Heshima, lilikuwa limeshajengwa karibu lote. Katika nchi ile ujenzi hutangulia na hesabu hufuata. Kabla Mizani haijauawa, Namkunda alikuwa ameipa michoro ya Daraja la Heshima kwa siri, na ikamwonyesha nguzo ya tatu nyekundu, na lori la sita likiwa juu yake. Yeye peke yake ndiye aliyejua hilo. Kusaini Neema kulikuwa kumpeleka dada yake chini ya nguzo ya tatu.

Alikataa. Akapelekwa kwa Kapteni Singu.

Kapteni alikuwa mtu mpole, msafi, anayenukia sabuni. Alimkaribisha kiti, akamwekea mkono wa kushoto juu ya meza. "Dada mhandisi, mimi sina elimu ya madaraja," alisema. "Mimi nauliza swali moja tu, kila siku mara moja. Daraja la Ruhanga limesimama au limeanguka?"

"Limeanguka."

Kapteni alishika kidole kidogo akakivunja kwa nyundo ya mbao, kama mtu anayepasua karanga. Aliandika jibu. Akamtakia siku njema.

Siku ya pili: "Limesimama au limeanguka?"

"Limeanguka."

Siku ya tatu hivyo hivyo, na ya nne, na ya tano alivunja dole gumba, ambalo lilichelewa kidogo kuvunjika. Namkunda alipiga kelele mpaka sauti ikaisha. Lakini hakusema limesimama, na hakujua mwenyewe nguvu ile ilitoka wapi. Nadhani ilitoka kwa Dakta Kihongole, na kwa yule mama wa vitumbua.

"Hapa nimefika mwisho," Kapteni alisema siku ya sita, akiufunika mkono wa kulia wa Namkunda kwa leso safi. "Huu siugusi. Huu ni mali ya serikali."

Akaagiza cherehani iletwe, na Nairuko aletwe nyuma yake. Walimkalisha mbele ya mashine yake mwenyewe, wakamshika mkono, wakauweka chini ya sindano pale panapokaa kitambaa.

"Usiniangalie," Nairuko alisema. Midomo yake ilikuwa imepasuka tayari. "Namkunda, usiuangalie mkono wangu. Ukisaini tunakufa wote kwa siku moja, basi acha..."

Kapteni alizungusha gurudumu la cherehani. Sindano ilishuka ikapita kwenye kidole, ikapanda, ikashuka tena. Kapteni alikuwa anazungusha taratibu, kama fundi anayeogopa kuharibu nguo ya mteja. Alipofika kidole cha pili Namkunda akasema, "Nipeni kalamu."

Alisaini Neema. Unyevu wa dada yake uliruka ukatua kwenye karatasi, na karani akaufuta haraka kwa sababu ya rangi yake.

* * *

Kanuni zilitaka kila saini iambatane na Maelezo ya Usalama ya kurasa mbili. Namkunda alipewa kompyuta yenye Neema ayaandike. Aliketi mbele yake akiwa na mkono mmoja mzima, akaipa Daraja la Heshima, ikawa kijani. Akaipa ukumbi wa mikutano, kijani. Kwa hasira tu akaipa nafasi ile ya chini ya nguzo ya tatu, pale ambapo yeye na Nairuko wangesimama. Neema ikapaka kijani kilichokolea kuliko vyote, kijani cha majani ya mgomba baada ya mvua.

Aliitazama rangi ile kwa muda mrefu. Kisha akaandika, bila kuongeza neno lake hata moja: "Kwa mujibu wa programu iliyoteuliwa, hakuna mahali pa kijani zaidi katika nchi yetu kuliko chini ya nguzo ya tatu ya Daraja la Heshima."

Hapa yafaa nieleze tena. Mkuu wa nchi ile alikuwa ameponea majaribio kumi na moja ya kuuawa, manane kati yake yakiwa ya mawaziri wake. Alihama chumba kila baada ya saa mbili. Chakula chake kilionjwa na watu watatu, na waonjaji walionjewa chakula chao. Alipoisoma sentensi ile alimwita Brigedia Makwinya, akamnasa kibao.

"Mahali salama kuliko pote nchini," alinguruma, "mnampa fundi cherehani?"

Mchana mmoja ulitosha kubadilisha sheria. Kusimama Chini kukawa Kuketi Chini, heshima kuu ya taifa, itakayotolewa kwa Mkuu wa nchi na Baraza lake. Mhandisi na nduguye wangesimama juani na raia wengine, kama inavyostahili watu wa hadhi yao.

Viti viliwekwa ishirini na mawaziri walikuwa thelathini na wanane. Sitasimulia yote. Waziri wa Afya alimvunja taya Waziri wa Elimu. Waziri wa Maridhiano alimtoboa mwenzake jicho kwa kalamu ya kutilia saini mikataba ya amani. Waziri wa Wazee na Watoto alikutwa kwenye korido akiwa na kisu mgongoni, na wenziwe wanne wakikabana shingo juu ya kiti chake. Kufikia jioni ugawaji wa viti ulikuwa umekamilika kwa njia ya haki, na walioshinda walikuwa wale hodari zaidi. Bwana Fikirini, wakala wa Neema, alipewa kiti cha heshima pembeni mwa nguzo. Alisema tumbo linamsumbua. Alisema ana msiba nje ya nchi. Tabasamu lake la kudumu lilikuwa limetoweka. Kapteni Singu aliahidi kumfunga kwenye kiti kwa kamba za hariri, ili heshima isimponyoke.

Namkunda hakufurahi. Nataka hilo lijulikane. Siku moja kabla ya ufunguzi alikwenda ofisini kwa Waziri, mkono ukiwa umening'inia shingoni, akasema, "Mheshimiwa, msikae pale. Daraja litaanguka lori la sita likipita. Nakuapia kwa kaburi la mama yangu."

Brigedia Makwinya alimpiga kofi lililomwangusha. "Umeona kiti kimekuponyoka, sasa unataka kutuondoa ukakae wewe?" alisema. "Wahandisi mna wivu sana."

Namkunda akatoka. Nje ya ofisi alikaa kwenye ngazi akajiuliza kama ni mauaji ikiwa waliouawa wamekatana visu kugombea nafasi.

* * *

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali, na chini ya daraja palikuwa na kivuli kizuri. Waheshimiwa ishirini, Mkuu wa nchi akiwa katikati yao, waliketi wakiwa na bandeji zao, wakinywa maji ya baridi. Brigedia Makwinya alizungumza kwa kipaza sauti.

"Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nguzo hizi zimesikia la Mkuu! Ndiyo maana miguu yao haitavunjika! Malori na yapite!"

Juu, madereva kumi walikuwa wamesikia habari za lori la sita. Kila mtu mtaani alikuwa amezisikia, kwa sababu Nairuko alishonea nusu ya mji na mdomo wake haukuvunjwa. Kila dereva alifika mwanzo wa daraja, akaweka jiwe juu ya pedeli ya mafuta, akafunga usukani kwa kamba, akaruka. Lori la kwanza likapita peke yake. La pili. Wananchi walikuwa wanahesabu kwa midomo. La tatu. La nne. La tano. Bwana Fikirini alianza kupiga mayowe kwenye kamba zake za hariri, na waheshimiwa wakamzomea kwa kukosa adabu.

Lori la sita lilipofika juu ya nguzo ya tatu, nguzo ilipinda goti. Hakukuwa na mlio mkubwa mwanzoni, ni kama mtu anayevunja muwa. Kisha daraja lote la katikati likashuka, na malori, na mchanga, na yale ya nyuma yakaendelea kuja moja baada ya jingine yakiangukia humo humo, la saba, la nane, la tisa, la kumi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa ndani wa kuyazuia. Vumbi lilipanda likafunika jua. Lilipotulia, mkono mmoja wenye saa ya dhahabu ulikuwa umejitokeza kati ya zege, na unyevu ukatiririka mpaka mtoni, ukaugeuza mto rangi ambayo hairuhusiwi kutajwa.

Kapteni Singu alikuwa kwenye lango la juu na askari wake hamsini wenye bunduki. Alitazama chini. Alijipangusa vumbi, akavua kofia, akaivaa tena, akamwendea Namkunda aliyekuwa amesimama na dada yake.

"Dada mhandisi," alisema kwa upole ule ule, "sheria unaijua. Daraja likianguka na mwenye saini hayupo chini yake, ananyongwa pamoja na ndugu yake wa damu. Lakini mimi sina elimu ya madaraja." Nyuma yake askari wawili walikuwa wameshafungua kamba. "Nauliza swali moja. Daraja la Heshima limesimama au limeanguka?"

Namkunda alitazama shimo. Alitazama vidole vya dada yake vilivyofungwa vitambaa, vya kulia, vya kushonea. Neno moja lilikuwa limemgharimu vidole vitano, na alikuwa nalo bado mdomoni, zima.

"Limesimama," alisema.

"Na waheshimiwa?"

"Wapo kikaoni."

Kapteni aliandika. Askari wakazikunja kamba zao.

* * *

Ikafuata raha ambayo nchi ile haikuwahi kuiona. Kwa kuwa waheshimiwa walikuwa kikaoni, hakuna aliyerithi nafasi zao, na kwa kuwa kikao hakikuisha, hakuna amri iliyotoka. Kila asubuhi Kapteni Singu alishuka korongoni, akapigia saluti lile rundo la zege, akauliza kama kuna maagizo. Alisubiri, akapanda, akasema, "Leo hakuna." Basi siku hiyo hakuna aliyechapwa. Bakora ziliota ukungu. Nyanya zilifunuliwa. Mama wa vitumbua alimzika mumewe upya, akamlilia kwa sauti, na askari aliyekuwa karibu akanunua vitumbua viwili. Nairuko alirudi kwenye cherehani na vidole vyake vigumu, akaanza hata kumtania mdogo wake.

"Afadhali ulidanganya," alimwambia siku moja. "Serikali ya namna hii nimeipenda. Iendelee kukaa huko huko."

Namkunda alicheka, na mara hii halikumuuma shavu.

Siku ya arobaini Kapteni Singu alishuka korongoni kama kawaida, akakaa kuliko kawaida. Alipopanda alikuwa amenyooka, na uso wake umebadilika. Alitoka moja kwa moja hadi kibandani kwa Nairuko, bunduki hamsini nyuma yake, akakuta dada wawili wanakunywa uji.

"Leo wamesema," alitangaza.

"Nani wamesema?" aliuliza Nairuko.

"Waheshimiwa. Nimewasikia kwa masikio yangu. Wametoa amri nyingi, nitazitekeleza zote, moja baada ya moja." Alimtazama Namkunda kwa adabu kubwa. "Au kuna mtu anayesema hawapo?"

Namkunda alifungua mdomo. Aliangalia bunduki, akaangalia dada yake, akaufunga.

"Vizuri," alisema Kapteni. "Ya kwanza, wanataka daraja jingine." Akatandika leso safi juu ya meza ya cherehani, akaweka kalamu, akaomba mkono wa kulia.